Moto wa Mbweha

Ukiingia duka la Seema kwenye Ladypool Road, Birmingham, utaona kwanza sketi za maharusi zimening'inia ukutani, nyekundu, za dhahabu, za rangi ya komamanga, nzito kama mapazia. Gisèle humwoni. Yeye hukaa chumba cha nyuma, karibu na dirisha la uani, akishonea shanga na vimetameta kwenye nguo hizo, kimoja kimoja. Ni kazi ambayo vidole vikishaizoea havimhitaji tena mwenyewe. Ndiyo maana Seema akichungulia humkuta sindano inapanda na kushuka huku macho yametua kwenye matofali ya jirani, uso umelainika kama wa mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

"Gisèle, umekwenda tena," Seema humwambia.

"Nimerudi, dada. Nimerudi," hujibu Gisèle, akacheka.

Alizaliwa Fizi, mashariki ya Kongo, na vita vilipofika kwao alikuwa na miaka minne. Wazazi hawakufika Tanzania. Aliyefika naye ni kaka yake Hugues, naye mwenyewe mtoto wa miaka kumi na miwili, aliyembeba mgongoni, kisha kambini Nyarugusu akampikia, akamfulia, akampeleka shule, na baadaye akawafukuza wavulana waliopitapita mlangoni. Wakongo wa kwao humwita ndugu mkubwa yaya. Jumapili moja baada ya ibada Gisèle alimwambia rafiki yake Kemunto, muuguzi kutoka Kisii, kwamba yaya wake amempigia simu.

"Yaya?" Kemunto alishangaa. "Kwani huko kambini mlikuwa na mfanyakazi wa nyumbani?"

"Yaya, mukubwa yangu. Hugues."

Kemunto alicheka mpaka akashika mbavu. "Ai, sisi kwetu yaya ni yule wa kulea watoto!"

"Ni sawa tu," alisema Gisèle. "Naye alinilea."

Hugues alipooa, jina lake liliingia kwenye faili jingine, na wanaohamisha wakimbizi wakampeleka yeye na mkewe Sylvie nchi ya Ufini, kaskazini kabisa, mahali ambapo ramani inakaribia kwisha. Gisèle alibaki. Akaolewa na Félicien, na zamu yao ilipofika ndege ikawashusha Birmingham. Siku ile ya kuagana na Hugues mvua ilikuwa inanyesha, na kila mmoja aliamini ni mambo ya mwaka mmoja, labda miwili. Ikapita zaidi ya miaka kumi na mitano.

Simu zilikuwepo, lakini Hugues si mtu wa simu. "Tuko bazima. Baridi iko. Ninyi?" Basi, amemaliza. Gisèle alikuwa akibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa, akijaribu kuona sebule ambayo sauti ile ilitokea.

Kilichowakutanisha ni mtoto. Mwezi wa Mei mwaka 2024, anga la Birmingham lenyewe liligeuka rangi ya waridi na kijani, kwa zile taa za angani ambazo kwa kawaida huonekana kaskazini ya mbali. Watu wa Sparkbrook, mtaa wao, walitoka barabarani na kandambili, simu zimeinuliwa juu. Valérie, binti wa Gisèle, wakati huo ana miaka kumi, alikuwa amelala. Mama yake alikuwa ndani, pazia limefungwa, anamalizia pindo la harusi ya Jumamosi. Jumatatu shuleni kila mtu alikuwa na picha isipokuwa Valérie. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kwenye ngazi.

"Everyone saw it, Mum. Everyone."

Kwa wiki nzima hakutaka kuambiwa neno. Ndipo Hugues alipopiga simu yake ya mwezi, na Gisèle, kwa kukosa la kuzungumza, akamweleza mambo ya taa za angani na mtoto aliyenuna.

"Hizo?" alisema Hugues. "Hizo ziko huku tu. Wakati wa baridi zinapita kama watu wanaenda sokoni. Mulete mutoto."

Gisèle aliihamisha simu sikio la pili.

"Yaya," Gisèle alisema, "miaka yote hii hukuniambia?"

"Sasa ningesema nini?"

Pasipoti zilikuwa zimetoka mwaka uliotangulia. Félicien hakupata likizo kwenye ghala la vipuri anakofanya kazi, huko Erdington, lakini yeye ndiye aliyesema, "Nendeni. Mukingojea wote tuwe huru, hakuna atakayekwenda." Kwa hiyo likizo fupi ya Februari, duka la Seema likiwa limetulia baada ya msimu wa harusi, Gisèle na Valérie walipanda ndege mbili, moja kubwa na moja ndogo. Kutoka kwenye ile ndogo, Gisèle aliangalia chini akaona nchi isiyo na rangi, nyeupe na nyeusi, maziwa yamelala kama sahani, na juu yake mwanga wa samawati ambao haukuwa wa asubuhi wala wa jioni. Alijiuliza kama ameshalala. Valérie alikuwa amemshika mkono, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu darasa la nne.

Kwenye uwanja wa ndege wa Ivalo kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na nyuma ya kioo alisimama mwanamume mfupi mwenye ndevu zilizoanza mvi, kofia ya manyoya mkononi. Gisèle alimpita kwa macho, akatafuta mtu mrefu. Katika kumbukumbu zake zote Hugues alikuwa mrefu kuliko milango. Ndipo yule mfupi alipoinamisha kichwa upande, kama afanyavyo baba yao kwenye picha pekee waliyonayo, na Gisèle akausukuma mlango kwa bega.

"Umekuwa mufupi!" ndilo neno la kwanza lililomtoka.

"Ni wewe umekuwa murefu, mudogo yangu," alisema Hugues. Akachukua begi lake, akalitua, akalichukua tena. Hawakulia. Walikwenda hadi kwenye gari wakitembea bega kwa bega, wakigongana kidogo kila hatua, kwa sababu hakuna aliyetaka kuacha nafasi katikati.

Garini Gisèle alimuuliza kama Sylvie hajambo. Hugues akajibu kwa kuvuta pumzi ghafla, kama mtu aliyepaliwa. Gisèle akamshika mkono kwa hofu.

"Nini? Umepatwa na nini?"

Hugues alicheka. "Ni *joo*, ni ndiyo ya kwao. Batu ba huku banaisema na pumzi ya ndani. Hata mimi sasa inanitoka hivyo. Nisamehe."

Sylvie, ambaye hufanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, aliwapokea kwa bugali na sombe, kisamvu cha kwao, aliyoipata kwa posta kutoka Helsinki. Mezani kulikuwa na Rosine, binti yao wa miaka kumi, mwenye misuko miwili na soksi za sufu zilizofika magotini. Watoto wawili walitazamana. Walifanana paji la uso na kidevu, hata namna ya kuuma mdomo.

"Salimianeni," alisema Sylvie.

Rosine akasema kitu kwa Kifini. Valérie akasema kitu kwa Kiingereza. Kiingereza cha Rosine kilikuwa cha darasani, kinatembea polepole. Cha Valérie kilikuwa cha Birmingham, kinakimbia na kumeza nusu ya maneno. Wakarudia. Hakuna aliyeelewa. Wakainamia sahani zao.

Siku tatu za kwanza mawingu yalifunika kila kitu. Theluji ilianguka bila sauti, mchana na usiku, kubwa na taratibu, na nyumba ikawa kama iko chini ya maji. Gisèle alikaa dirishani na kikombe cha chai. Hapakuwa na sindano mkononi, hapakuwa na mtu wa kumwambia amekwenda tena, kwa hiyo alikwenda apendavyo. Aliwaona wanyama wenye pembe kama matawi wakivuka barabara bila haraka, na jirani mmoja akipita akisukuma kigari chenye reli badala ya magurudumu, begi la mkate juu yake. Alikuwa akilala alasiri na kuamka asijue ni saa ngapi wala ni nchi gani, akisikia hatua za Hugues jikoni, na kwa nukta chache, kabla akili haijarudi mahali pake, alikuwa na miaka sita kambini na kaka yake alikuwa anawasha moto wa uji.

Valérie hakuwa na utulivu huo. Kila jioni alitoka mlangoni, akaangalia juu, akarudi amenuna. Siku ya pili, Gisèle akikoroga bugali, alisikia sauti ndogo ya Rosine sebuleni, ikilipima kila neno kabla ya kulitoa:

"We... unataka kuona imbwa ya jirani? Iko kubwa sana."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Valérie, tangu aanze shule, alikuwa hajawahi kumjibu mama yake Kiswahili. Alisikia kila kitu, akajibu vyote Kiingereza.

"Yeah," alisema Valérie. Kisha, akitafuta maneno: "Ndiyo. Nataka. Iko inauma?"

"Haiumake. Iko muzee."

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, mlango ukafungwa. Sylvie na Gisèle walitazamana kama watu waliomwona ndege adimu akitua dirishani.

Hugues hufanya kazi katika hifadhi ya taifa inayoanzia nyuma ya mji wanakoishi. Humo hamna tembo wala simba, ni milima ya mviringo isiyo na miti juu, na misonobari midogo iliyobeba theluji mpaka imeinama kama wazee wanaosali. Kuna vibanda vya magogo ambavyo mtu yeyote anayetembea anaruhusiwa kulala, na kazi ya Hugues na wenzake ni kuhakikisha kila kibanda kina kuni. Siku ya tatu alimchukua dada yake kazini. Walikwenda kwa pikipiki ya theluji, kuni zimefungwa nyuma kwenye sleji, kitoroli cha kuburutwa thelujini, wakapakua, kisha wakawasha jiko la chuma kibandani na kukaa mbele yake na kahawa.

"Sema sasa," alisema Gisèle. "Kwa nini hukuniambia habari ya zile taa?"

Hugues aliongeza gogo. Akafunga mlango wa jiko.

"Mwaka wetu wa kwanza," alisema. "Ilikuwa jioni, tumemaliza kula. Mimi nilitoka nje kutupa taka. Naona mbingu inawaka. Nyekundu kwa chini, kijani kwa juu, na inatembea. Mimi sikuuliza mutu. Kwetu mbingu ikiwaka unajua ni nini. Ni vijiji vinachomwa. Nikakimbia ndani, nikamwambia Sylvie, vaa viatu. Hakuuliza naye. Alivaa, akachukua sufuria, mimi nikachukua begi ya makaratasi. Tukatoka mbio."

"Na sufuria?"

"Na sufuria. Tumefika kwa barabara, hakuna mutu anakimbia. Kimya tu. Kuna mama mmoja muzee, jirani, amesimama kwa mulango yake, anatuangalia. Akauliza kwa mikono, munaenda wapi? Nikamuonyesha mbingu. Yule mama alikuja polepole, akatusimamia katikati, akamushika Sylvie huku na mimi huku, akainua uso juu. Tukaangalia wote watatu. Ilipokwisha akatuingiza kwake, akatupa maziwa ya moto." Alipangusa uso kwa kiganja. "Niseme vile kwa simu? Dakika mbili, tatu? Ungelia, nami ningelia, na kadi ingeisha."

Gisèle aliegemeza kichwa kwenye bega lake. Jiko lilikuwa linavuma, na nje theluji ilikuwa imekoma bila wao kujua.

Siku iliyofuata anga lilifunguka. Baridi ilikuwa kali hata kope ziligandana, na hewa ilimeremeta yenyewe, chembe ndogo za barafu zikielea bila kuanguka. Baada ya chakula cha jioni Hugues aliwafunga watoto na dada yake kwa mablanketi ndani ya sleji, kama mizigo, akawavuta kwa pikipiki taratibu kupitia msituni kuelekea kibanda. Sylvie alikuwa zamu.

Gisèle alilala chali. Juu yake nyota zilikuwa nyingi mno, na sleji ilipopita kwenye matuta zilikuwa zikiyumba, kushoto, kulia, kushoto. Ndipo kitu kilipomjia. Watu humuuliza anakumbuka nini kuhusu kukimbia Fizi, naye huwaambia hakumbuki, alikuwa mdogo. Lakini alikuwa anakumbuka. Alikumbuka hivi hivi: mbingu inayoyumba. Alikuwa mgongoni, shingo imelegea nyuma kwa usingizi, na safari nzima ya kutoka Kongo ilikuwa kwake nyota zinazokwenda upande huu na upande huu, kwa mwendo wa hatua za mtu mmoja. Hakuwahi kujua kwamba ile ni kumbukumbu. Alidhani ni ndoto tu aliyowahi kuota.

Hugues alizima injini mbele ya kibanda. Ukimya ulishuka wote kwa mara moja.

Mwanzoni ilikuwa kama moshi mwembamba juu ya mlima, wa kijivu, si kitu. Valérie aliuliza kama ndiyo hiyo, na sauti yake ilikuwa tayari kukata tamaa. Kisha moshi ukapata rangi. Ukanyooka kutoka mlima mmoja hadi mwingine, kijani kama ndizi mbichi, ukaanza kujikunja na kujikunjua, pindo lake la chini likiwa na waridi, kama mtu anavyolitupa jora la hariri juu ya meza ili mteja aone inavyoanguka. Likatupwa lingine, na lingine. Theluji chini ikawa kijani. Nyuso za watoto zikawa kijani. Hakukuwa na sauti yoyote, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuamini, kwamba kitu kikubwa kiasi kile kinaweza kupita juu ya watu bila kuvunja chochote.

Gisèle alijitayarisha kwa hofu. Ilikuja, ndiyo. Lakini Hugues alikuwa amesimama kando yake, na aliutoa mkono kwenye glavu akamshika, na mikono yao ikaganda pamoja. "Angalia tu," alisema. "Angalia tu, mudogo yangu. Haiko inamuchoma mutu." Aliangalia. Hajui kwa muda gani. Anasema alijisikia mwepesi, kama nguo iliyotolewa vishikizo, na kwamba kama mtu angemwambia wakati ule kuwa ameshakufa angesema sawa, lakini msiniondoe hapa.

Kilichomrudisha ni kelele za watoto.

"Revontulet!" Rosine alikuwa akiruka. "Angalia! Revontulet!"

"Nini?"

"Ni moto... moto ya..." Rosine alisimama, akakosa neno. "Ile munyama. Sawa imbwa, lakini haiko imbwa."

"Wolf?"

"Hapana, hapana. Kadogo. Iko nyekundu. Na mukia mukubwa, hivi." Akauzungusha mkono nyuma ya koti lake.

Valérie alishika kichwa kwa mikono miwili. "Oh! Najua! Iko kwetu! Iko mingi Birmingham. Inakula kwa mapipa ya taka."

"Kwa mapipa?" Rosine alimtazama kwa heshima mpya. "Wewe unaiona?"

"Kila siku! Mama! Fox ni nini kwa Kiswahili?"

Gisèle alilitafuta. Lilikuwa neno alilofundishwa shuleni kambini, kwenye hadithi za wanyama. "Mbweha," alisema.

"Moto ya mbweha," walisema watoto kwa pamoja.

Rosine akaeleza, kwa mikono na kwa maneno aliyoyaokota moja moja, kwamba wazee wa huku walisema kuna mbweha anakimbia juu ya milima, mkia wake unapiga theluji, theluji inapanda juu, inawaka. Valérie alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinua uso. Kisha akatikisa kichwa.

"Mbweha ya Birmingham haiwezi," alisema. "Inanuka sana."

Walicheka mpaka wakaanguka kwenye theluji, na hawakunyanyuka. Walilala pale, kofia zimegusana, wakiliangalia anga na kuulizana: ile inaitwa nini, na hii, na nyota, na baridi ya puani, na kucheka mpaka tumbo linauma. Maneno mengine walikuwa nayo. Mengine waliyaunda. Hugues na Gisèle walisimama nyuma yao, wakiogopa kusahihisha.

Waliporudi Birmingham, Valérie alidai simu yake mwenyewe ya kuongea na Rosine, akanyimwa, akaanza kutumia ya mama yake. Kila Jumapili alasiri, Gisèle akipiga pasi, husikia sebuleni Kiswahili ambacho hakisemwi mahali pengine popote duniani: cha Fizi kwa mifupa, kina Kifini kwenye viungo na Kiingereza cha mitaa ya Birmingham mdomoni. Félicien huuliza, "Wanasema nini?" Gisèle humjibu kwamba anaelewa nusu.

Ilikuwa kwenye mojawapo ya simu hizo Valérie alipomwalika binamu yake, kisha akaingiwa na aibu. Huku hakuna mlima wa theluji, alisema. Hakuna kitu cha kuona.

"Julai iko na giza kwenu?" aliuliza Rosine.

"Giza? Ndiyo. Usiku."

"Huku haiko. Jua inalala hapana, mwezi muzima. Mimi sijaona giza ya joto hata siku moja."

Hugues alimleta mwezi wa saba. Jioni ya kwanza joto lilikuwa bado limekaa kwenye matofali, na Rosine, miguu mitupu, aliomba kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Valérie akakaa naye. Hugues na Félicien walivuta viti vya jikoni wakakaa nyuma yao, wakizungumza mambo ya magari. Kutoka Ladypool Road harufu ya nyama choma ilikuja na upepo, na mtu alikuwa anafunga duka, chuma kikiteremka kwa kishindo.

Anga lilikwenda zambarau, kisha samawati nzito. Taa za barabarani zikawaka mbali, ya mlangoni kwao ikiwa imeharibika. Rosine hakutaka hata kuingia kula. Gisèle aliwaletea sahani pale pale. Taratibu, nyumba za upande wa pili zikapoteza rangi zake, halafu madirisha, halafu paa, mpaka mtaa wote ukawa umefunikwa, na hewa bado ina joto.

Rosine alinyoosha mkono mbele yake, akaugeuza huku na huku, akiutafuta.

"Imefika," alinong'ona.

"Hii ni kidogo tu," alisema Valérie kwa fahari. "Ngoja."